Msafiri ni Nani? Chanjo ya Dengue na Dereva wa Tunduma

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Mbozi, na shughuli ya kifamilia ikanifikisha Tunduma. Anayeijua Tunduma hahitaji kusimuliwa habari za foleni. Malori yalikuwa yamejipanga kando ya barabara kuu tangu Mpemba, na chini ya matrela madereva na matingo wao walikuwa wamelala, wengine wakifua nguo, wengine wakicheza drafti. Niliketi kwa mama lishe mmoja ninayefahamiana naye tangu zamani, naye akanitambulisha kwa wateja wake kwa cheo ambacho kila mara huniletea matatizo: "Huyu ni Dokta."

Dereva mmoja wa makamo akasogeza kiti. "Kaka Dokta," akasema, "hivi ni homa gani hiyo ambayo si malaria, lakini inavunja mifupa?"

Nilimweleza kwamba udaktari wangu ni wa sera za umma, si wa sindano. Hakujali, alitaka kusikilizwa. Alinisimulia kwamba safari moja alikaa Kurasini siku kadhaa akisubiri mzigo, kisha akaondoka. Alipofika Makambako kichwa kilikuwa kinamuuma nyuma ya macho. Alipofika Tunduma hakuweza hata kupanda ngazi ya gari lake. Katika zahanati moja ya kando ya barabara alipimwa malaria, hakuonekana nayo. Akaambiwa basi itakuwa taifodi, akachomwa sindano ya kutuliza maumivu, akaruhusiwa kuendelea. Siku ya pili, upande wa pili wa mpaka, alipopiga mswaki fizi zilitoka damu na hazikutaka kuacha. Tingo wake ndiye aliyemkimbiza hospitali, na huko ndiko alikoambiwa kuwa ana dengue.

Alipona. Lakini hakuniita ili nimpe pole. Alikuwa na swali. Mtoto wake anayefanya kazi katika hoteli moja Unguja alimwambia kwamba baadhi ya wageni wanaokuja kutoka Ulaya huwa wamechanjwa dengue huko kwao kabla ya kupanda ndege. "Mimi nina miaka kumi na tisa barabarani," akasema. "Dar, Lusaka, Lubumbashi, narudi. Sasa kati yangu na yule anayekuja kuogelea wiki mbili, msafiri ni nani?"

Makala haya ni jaribio la kumjibu, kwa sababu siku ile sikuwa na jibu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Dengue husababishwa na virusi vya aina nne vinavyoenezwa na mbu wa jamii ya Aedes, ambaye tofauti na mbu wa malaria huuma mchana na huzaliana katika maji yaliyotulia karibu na watu: pipa, ndoo, kopo, tairi chakavu. Dalili huanza kati ya siku nne na kumi baada ya kuumwa na mbu. Ugonjwa huu hauna dawa mahususi. Mgonjwa hupewa maji na paracetamol, huangaliwa kwa karibu, na hutakiwa kuepushwa na dawa kama aspirin, ibuprofen na diclofenac, kwa sababu zinaweza kuzidisha hatari ya kutoka damu. Aliyeugua kwa aina moja hupata kinga ya muda mrefu dhidi ya aina hiyo, lakini akiambukizwa aina nyingine baadaye huwa katika hatari zaidi ya kupata dengue kali.

Sasa weka maelezo hayo juu ya ramani. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Mtu anayeumwa na mbu Kurasini leo anaweza kuendesha gari akiwa mzima hadi Mikumi, hadi Makambako, hadi Tunduma, na homa ikamkamata akiwa Nakonde au Kapiri Mposhi. Virusi husafiri ndani ya damu yake kwa mwendo uleule wa shaba na mafuta. Mayai ya Aedes nayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi na kuanguliwa yakipata maji, kwa hiyo husafiri ndani ya matairi. Tunduma ni nyanda za juu na hali yake ya baridi haimpendezi sana mbu huyu. Sidai hapa kwamba mji una mlipuko. Ninachosema ni kwamba mji huu unapokea damu na matairi kutoka mji ambao milipuko yake inajulikana, na bonde la Momba linaloelekea Ziwa Rukwa halina baridi ya Vwawa.

Wala ugonjwa huu si mgeni wa jana kwetu. Kamusi zetu zina neno kidingapopo. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja katika karne ya kumi na tisa, aliandika habari za mlipuko wa homa iliyoitwa dinga mwaka 1870, na wazee wa huko walimweleza kuwa homa kama hiyo iliwahi kupita takribani mwaka 1823. Wapo wataalamu wa lugha wanaoamini kuwa jina dengue lenyewe lina asili katika Kiswahili. Watafiti wa baadaye wamehoji iwapo homa ile ya Unguja ilikuwa dengue au chikungunya. Lakini hata chikungunya imepata jina lake kutoka Kimakonde, baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 katika nyanda za Newala. Dunia imechukua majina ya magonjwa kutoka vinywani mwetu. Kinga imekwenda kuitafuta kwingine.

Na hapa kwetu Songwe? Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2016 kutokana na Mbeya. Kabla ya hapo, tafiti zilizofanywa katika Mkoa wa Mbeya na kuchapishwa mwaka 2012 na 2014 zilikuta kingamwili za homa ya Bonde la Ufa na za virusi vya jamii ya chikungunya katika damu ya wananchi wa kawaida. Maana yake ni kwamba watu wengi waliwahi kuugua homa hizi na kupona, au kutopona, bila mtu yeyote kuzitaja kwa majina yake. Bila shaka nyingi ziliitwa malaria.

Hapo ndipo neno msafiri linapoanza kuonyesha uzito wake. Mwaka 2010 dengue ilipokuwa Dar es Salaam, virusi vya aina ya tatu vilitambuliwa katika damu ya msafiri aliyerejea Japani kutoka jijini humo. Mwaka 2014 ulizuka mlipuko mkubwa zaidi, safari hii wa aina ya pili. Mwaka 2019 waliothibitishwa kuugua nchini walizidi 6,000, wengi wao wakiwa Dar es Salaam. Sitaki kudharau kazi ya watafiti wetu wa NIMR na wa vyuo vyetu, ambao wamechapisha mengi kuhusu milipuko hiyo. Lakini tafakari jambo hili: mgeni aliyekaa nasi kwa muda alipougua, nchi yake ilimpima hadi ikajua aina ya kirusi. Dereva aliyeishi miongoni mwetu miaka yote hiyo anapimwa malaria, na asipoonekana nayo anapewa jina la homa iliyo karibu.

Twende kwenye chanjo. Ya kwanza kupata kibali, Dengvaxia ya kampuni ya Sanofi Pasteur, iliidhinishwa Mexico mwaka 2015. Ufilipino iliichukua haraka na kuanza kuwachanja watoto wa shule mwaka 2016. Mwishoni mwa 2017 kampuni hiyo ilitangaza kwamba kwa mtu ambaye hajawahi kuambukizwa dengue, chanjo hiyo inaweza kumfanya augue vibaya zaidi atakapoambukizwa baadaye. Wakati huo watoto zaidi ya 800,000 walikuwa wamekwisha kuchanjwa. Programu ilisimamishwa, na imani ya wazazi kwa chanjo zote, hata ya surua, iliporomoka. Kosa halikuwa kuchanja. Kosa lilikuwa kuchanja umma kwa haraka kabla ya kujua nani ana historia gani ndani ya damu yake.

Ya pili ni Qdenga ya kampuni ya Takeda ya Japani, iliyoidhinishwa Indonesia na Umoja wa Ulaya mwaka 2022. Hutolewa kwa dozi mbili zinazopishana miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani limeipendekeza kwa watoto wa miaka 6 hadi 16 katika maeneo yenye maambukizi makubwa, na Brazil iliiingiza katika huduma yake ya umma mwaka 2024. Uingereza na Ujerumani huipendekeza hasa kwa msafiri ambaye aliwahi kuugua dengue na anakwenda tena katika maeneo yenye ugonjwa huo. Kwa mtu wa namna hiyo faida yake iko wazi. Kwa ambaye hajawahi kuambukizwa, ushahidi wa kinga yake dhidi ya aina ya tatu na ya nne bado hautoshi. Aina ya tatu, kumbuka, ndiyo iliyoonekana kwa yule msafiri wa 2010.

Jaribio kuu la Qdenga lilihusisha watoto zaidi ya 20,000 katika nchi nane za Asia na Amerika ya Kusini na Kati. Hakuna hata moja ya Afrika. Kwa hiyo tunayo chanjo inayoweza kumlinda mtu anayekuja Afrika, lakini haikujaribiwa kwa kiwango hicho kwa mtu anayeishi Afrika. Kwa lugha ya sera, sisi ni mahali pa hatari, si watu walio hatarini.

Najua jibu rahisi litakalotolewa na baadhi ya wenzangu: basi tuwachanje wasafiri wote mpakani, tuwape kadi kama ile ya homa ya manjano. Napinga wazo hilo kwa nguvu zangu zote, na nina sababu ya kibinafsi.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye kongamano nje ya nchi. Nilitakiwa kuwa na kadi ya njano, na nilikuwa nimechelewa. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, mtumishi mmoja alinitazama, akatazama saa, akaniuliza kama nataka sindano au nataka kadi. Nilijibu kwamba nataka kuwahi ndege. Nikalipa, nikapewa kadi yenye mhuri. Nilipita mipaka miwili nikiwa na karatasi inayosema nimekingwa, na mwili ambao haukuwa na kinga yoyote. Baadaye niliona haya, nikaenda kuchanjwa kama inavyostahili. Lakini sijasahau jinsi ilivyokuwa rahisi, na jinsi ambavyo hakuna afisa hata mmoja aliyekuwa na haja na mwili wangu. Walitaka karatasi, nami nilikuwa nayo.

Kadi ya namna hiyo hugeuka haraka kuwa silaha au bidhaa. Mwaka 2012 Afrika Kusini iliwarudisha Wanigeria 125 kwa madai kuwa kadi zao za homa ya manjano si halali. Nigeria ikajibu kwa kuwarudisha raia wa Afrika Kusini, na mwisho Pretoria ikaomba radhi. Na homa ya manjano angalau ina chanjo madhubuti, ambayo tangu Julai 2016 cheti chake kinatambulika kwa maisha yote ya aliyechanjwa, na ndio ugonjwa pekee uliotajwa katika Kanuni za Afya za Kimataifa kuwa nchi inaweza kudai cheti chake mpakani kama sharti la kudumu. Dengue haimo, na ni sawa kwamba haimo. Chanjo iliyopo inahitaji kwanza tujue historia ya mtu. Ni chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa, hivyo haifai kwa mjamzito wala kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka. Na sisi wa nyanda za juu kusini, ambako VVU vimeenea kuliko sehemu nyingi za nchi, hatuwezi kulipuuza hilo. Kumpanga dereva kwenye foleni na kumchoma bila kumuuliza lolote kungekuwa kurudia ya Ufilipino.

Hofu yangu ina historia pia. Mei 2020, wagonjwa wa Uviko-19 walipoongezeka Nakonde, Zambia ilifunga mpaka huo kwa siku kadhaa. Ghafla kila mtu alimwona dereva. Alipimwa, alizuiwa, alihesabiwa, alisemwa redioni. Kabla yake, katika miaka ya mwanzo ya UKIMWI, dereva huyuhuyu alitajwa katika kila warsha. Ukichunguza utaona mpangilio mmoja: dereva huhesabiwa kuwa msafiri pale anapoogopwa, na huacha kuwa msafiri pale anapostahili kulindwa. Wakati wa hatari tunamwita mbeba ugonjwa. Wakati wa kinga, neno msafiri humhamia mwenye tiketi ya ndege.

Basi kumlinda msafiri huyu kungekuwaje? Sina mpango wa mabilioni. Nina mambo manne.

Kwanza, kipimo. Zahanati na vituo vya afya vya Tunduma, Vwawa, Mlowo na miji mingine ya barabara hii viwe na kipimo cha haraka cha dengue, na mhudumu afundishwe kwamba homa isiyo malaria si lazima iwe taifodi. Hata kabla ya kipimo kufika, agizo moja la maandishi kwamba mgonjwa wa homa isiyojulikana asipewe diclofenac wala aspirin halihitaji bajeti. Linaweza kuokoa mtu leo usiku.

Pili, kumbukumbu. Kila anayethibitishwa kuwa na dengue apewe maandishi yanayosema hivyo, na hospitali za upande wa Zambia na wa kwetu zipeane taarifa. Tangu Oktoba 2019 tuna kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, ambapo hati ya mzigo hukaguliwa na maofisa wa nchi mbili. Ikiwa tumeweza kushirikiana kuhusu kontena, tutashindwaje kushirikiana kuhusu homa? Maandishi hayo ndiyo yatakayotuwezesha, chanjo itakapofika, kujua inamfaa nani. Dereva wangu wa Mpemba, aliyekwisha kuugua mara moja na ambaye kila mwezi hurudi Dar es Salaam, ndiye hasa anayelingana na msafiri anayependekezewa chanjo hiyo huko London na Berlin.

Tatu, utafiti. Vyuo vyetu na NIMR vidai kushirikishwa katika majaribio ya chanjo za dengue, ikiwamo ile ya dozi moja ya Taasisi ya Butantan ya Brazil. Dereva asiyeweza kukaa mahali pamoja miezi mitatu ana sababu ya kutamani dozi moja kuliko mtalii.

Nne, na hili ndilo wanasiasa hawapendi kulisikia, maji. Tunduma ni mji wenye shida ya maji ya miaka mingi. Pasipo bomba linalotoa maji kila siku, kila nyumba huweka mapipa, madumu na ndoo, na kila pipa lisilofunikwa ni kitalu cha mbu. Hatuwezi kumlaumu mama wa Sogea au Maporomoko kwa kuhifadhi maji ambayo serikali imemletea kwa mgawo. Matairi chakavu yaliyorundikwa kwenye gereji za kando ya barabara nayo yana wenye mali na yana halmashauri inayokusanya ushuru. Chanjo bila maji itakuwa kadi nyingine tu, safari hii iliyochomwa mwilini.

Nitajibiwa kwamba nchi ina malaria, ina kipindupindu, ina kina mama wanaofariki wakijifungua, na kwamba dengue ni anasa. Naiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa wanaoitoa mara nyingi ni watumishi wanaogawa fedha kidogo kwa mahitaji mengi. Lakini tazama orodha yangu tena. Maji yanayoondoa mbu wa dengue huondoa pia kipindupindu. Mhudumu aliyezoea kuuliza "kama si malaria, ni nini?" atamtibu vizuri kila mgonjwa wa homa, si wa dengue peke yake. Gharama tunayoiogopa tunailipa tayari, ila tunailipa kwa dawa za taifodi anazonunua mtu asiye na taifodi.

Kwa wanafunzi wangu: mnapoandika tasnifu kuhusu afya mipakani, msianze na hati za mikutano, anzeni chini ya trela. Kwa wanaharakati: dai la chanjo liandamane na dai la bomba. Kwa ndugu zangu watumishi wa umma, wale wa Vwawa, Dodoma na pale mpakani: siku mtakapoletewa waraka wenye neno wasafiri, muulize ni kina nani waliomo na ni kina nani walioachwa nje.

Nilipoinuka kwenda, yule dereva alikuwa ameitwa. Foleni ilikuwa imesogea magari mawili. Akanipa mkono, akaniambia, "Haya, Dokta, ukipata jibu utaniambia nikirudi." Kwa siku alizonihesabia, atakuwa ameshapita Lubumbashi na yuko njiani kurudi. Jibu langu ni hili: msafiri ni wewe, kaka. Sisi ndio tuliokuacha nje ya orodha.